Timu ya Kiungani na Vijana wa Ruvuma

Usharika unapohesabu miaka mia moja, hutaja kwanza wachungaji wake, majengo yake na idadi ya waliobatizwa. Kiwanja cha michezo hutajwa mwishoni, kama kinatajwa. Hata hivyo, katika nchi hii ya Mtwara, kuanzia Mikindani na mlango wa mto Ruvuma hadi milima ya Masasi na nyanda za juu za Newala, mpira wa miguu ni sehemu ya historia ya misheni tangu karne ya 19. Sura hii inaeleza habari za timu moja ndogo ya chuo, timu ya Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, katika kisiwa cha Unguja, ambamo vijana wa kusini walijifunza kusoma, kufundisha na kucheza.

Chuo hicho hakikuwa cha Walutheri. Kilianzishwa na kuendeshwa na ndugu zetu Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo watu wengi huifahamu kwa herufi zake UMCA. Lakini majirani waliolima shamba moja hawawezi kuandika historia zao kana kwamba hawakuonana. Habari za Kiungani zinaeleza jambo ambalo kila kanisa la Tanzania limelipitia kwa namna yake, yaani jinsi kazi iliyoanzishwa na wageni ilivyochukuliwa na watoto wa nchi, wakaifanya yao.

Pwani iliyotoa watoto

Kabla ya pwani hii kupokea mpira, ilitoa watoto. Katika karne ya 19 njia za biashara ya utumwa kutoka ziwa Nyasa na nchi za Wayao, Wamakua na Wamakonde zilishuka baharini Kilwa, Lindi, Mikindani na kwenye vijito vya mlango wa Ruvuma. Majahazi yaliwapakia watu na kuwapeleka Unguja, ambako soko la watumwa lilifanya kazi hadi mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga.

Wamisionari nao walipitia pwani hiyohiyo. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, aliingia mto Ruvuma pamoja na David Livingstone katika meli ndogo iliyoitwa Pioneer. Maji yalipungua, meli ikalazimika kurudi, nao wakaelekea Zambezi na Shire, ambako Mackenzie alifariki mwaka 1862. Livingstone alirudi mwaka 1866, akashuka Mikindani na kuanza safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Wakati huo Askofu William Tozer, aliyemfuata Mackenzie, alikuwa amekwisha kuhamishia misheni Unguja, mwaka 1864. Huko Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wa kwanza.

Shule ya wavulana ilikaa Kiungani, karibu na bahari, mwendo mfupi kusini mwa mji. Wanafunzi wake wa awali walikuwa watoto waliokombolewa na manowari za Waingereza zilizovizia majahazi baharini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1870 hadi mwaka 1883 manowari iliyoitwa London iliwekwa Unguja kwa kazi hiyo, na mashua zake zilileta watoto wengi. Wengi wao hawakujua tena njia ya kurudi kwao. Mwaka 1887 mwalimu A. C. Madan alichapisha kitabu cha habari za maisha yao kama walivyozieleza wenyewe chuoni: jinsi walivyokamatwa, walivyouzwa kutoka mkono hadi mkono, na walivyofika baharini. Anayetaka kujua ni watu gani waliokuwa katika chuo kile aanzie hapo. Wachezaji wa Kiungani walitoka katika kizazi hicho na katika kile kilichokifuata.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alichukua kundi la watu waliokombolewa kutoka Unguja, akashuka nao Lindi na kuelekea bara akikusudia kuwafikisha karibu na ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa. Hivyo ndivyo ilivyoanza misheni ya Masasi, na kutoka hapo ikaenea Newala. Baadaye, wavulana waliozaliwa huru katika vijiji vya Masasi, Newala na Chitangali walianza kupelekwa Kiungani ili wawe walimu. Safari ambayo wazee wao waliifanya wakiwa na minyororo, wao waliifanya kwa hiari yao, wakijua kwamba watarudi.

Chuo na kiwanja chake

Kiungani kilikuwa na kengele, kanisa, madarasa, mashamba na kiwanda cha kupiga chapa vitabu. Lugha ya chuo ilikuwa Kiswahili, ile ambayo Steere mwenyewe alikuwa ameiandikia sarufi na kuitafsiria Maandiko. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa kuliko linavyoonekana leo. Katika bweni moja walilala Myao, Mmakua, Mmakonde, Mnyasa, Mbondei na Mzigua. Baba zao, kama wangekutana njiani, huenda wangeshikiana mishale. Watoto hao walihitaji lugha moja ya kuulizana habari, na mahali pamoja pa kupimana nguvu bila kuumizana.

Walimu wa Kizungu wa chuo walikuwa kwa sehemu kubwa wasomi wa Oxford na Cambridge. Walitoka katika shule ambazo mpira ulihesabiwa kuwa fundisho la tabia sawa na darasa. Sheria za mpira wa miguu kama tunavyoujua zilikuwa bado changa: Chama cha Mpira cha Uingereza kiliundwa London mwaka 1863, mwaka mmoja tu kabla ya Tozer kuhamia Unguja. Mchezo na misheni vilifika kisiwani karibu pamoja, vikiwa vimebebwa na watu wa aina moja. Kufikia miaka ya mwisho ya karne ya 19 mpira ulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku ya Kiungani, na timu ya chuo ilikuwa miongoni mwa timu za kwanza za Waafrika katika Afrika Mashariki yote.

Wamisionari walikuwa na sababu zao. Waliamini kwamba kijana anayekimbia jioni hukosa muda wa uvivu, kwamba anayetii filimbi atajifunza kutii kengele, na kwamba anayempasia mwenzake atajua maana ya kuhudumiana. Walitumaini pia kwamba mchezo huo ungechukua nafasi ya ngoma ambazo hawakuzielewa. Vijana nao walikuwa na sababu zao, na hazikuwa lazima zilezile. Mchezo ulikuwa mtamu, ulikuwa na heshima, na ulikuwa na ushindi ambao hakuna mwalimu aliyeweza kumgawia mtu kwa upendeleo. Aliyejua kucheza alijulikana, awe mtoto wa jumbe au yatima asiyejua jina la kijiji chake.

Mchezo wenyewe ulivyokuwa

Msomaji wa leo anayekaa mbele ya televisheni angeshangaa kuuona mchezo wa zamani zile. Kwa desturi ya wakati huo timu ilipangwa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano mbele. Hakukuwa na mchezaji wa akiba. Aliyevunjika mguu alitolewa, na wenzake walimaliza wakiwa kumi. Mkwaju wa penalti uliingizwa katika sheria mwaka 1891 tu. Mlinda mlango aliruhusiwa kuushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya kiwanja, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1912 na kumbana ndani ya eneo lake la hatari. Sheria ya kuotea nayo ilikuwa kali: hadi mwaka 1925 mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu mbele yake mpira unapopigwa, siyo wawili kama ilivyo tangu hapo. Magoli yalipatikana kwa shida, na mabeki wawili wenye akili waliweza kuifunga njia ya washambuliaji watano.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi nene, umeshonwa na kufungwa kwa kamba mahali pa kuingizia pumzi. Uliponyeshewa ulilowa na kuwa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kwa kichwa pale kwenye kamba alibaki na alama. Vijana waliupiga kwa miguu mitupu. Wageni waliovaa viatu vizito walidhani kwamba hilo lingekuwa udhaifu wao, lakini mguu uliozoea njia za Masasi na mawe ya matumbawe ya Unguja haukuogopa ngozi. Tena mguu mtupu unauhisi mpira, nao huweza kuugeuza na kuuficha pale ambapo kiatu hupiga tu.

Lugha ya Kiswahili iliupa mchezo huo jina lililokuwapo tayari. Mpira ni mti au mtambaazi utoao utomvu, mpira ni utomvu wenyewe, na mpira ni kile kinachorushwa na kupigwa. Watu wa kusini waliijua maana ya kwanza vizuri sana, kwa kuwa mpira wa mwitu kutoka nyanda za juu za Makonde ulikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa kwa wafanyabiashara wa Lindi na Mikindani mwishoni mwa karne ya 19. Kijana wa Newala aliyeingia Kiungani alikuwa ameona mpira ukigemwa kabla hajauona ukipigwa.

Msimu na pepo zake

Vilabu vya siku hizi vina ratiba iliyochapishwa. Mwaka wa kijana wa Kiungani aliyetoka kusini uliongozwa na pepo na kalenda ya kanisa.

Kutoka Masasi alishuka kwa miguu hadi Lindi, mwendo wa siku kadhaa kupitia bonde la Lukuledi, akiwa na mzigo wake kichwani na mwalimu mmoja mbele ya kundi. Lindi walingoja chombo. Kusi, upepo unaovuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, ndio uliosukuma majahazi kuelekea kaskazini hadi Unguja. Kaskazi, uvumao kuanzia Desemba hadi Machi, uliwarudisha kusini wale waliomaliza masomo au walioruhusiwa kwenda kuwaona wazazi. Katika miaka ya 1890 meli za moshi za Wajerumani zilianza kupita Lindi na Mikindani, na safari ikawa fupi zaidi kwa mwenye nauli.

Chuoni, masika ya Machi hadi Mei yalikigeuza kiwanja kuwa dimbwi. Ndiyo ilikuwa pia miezi ya Kwaresima na Pasaka, wakati kanisa lilipodai zaidi na michezo ikapungua. Mvua zilipokatika na kusi kuanza kuvuma kwa ubaridi, kuanzia Juni, kiwanja kilikauka na mpira ukaanza kuruka. Miezi hiyo hadi vuli ndiyo iliyokuwa mizuri kwa mchezo. Novemba 30, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ilikuwa siku ya chuo chenyewe, siku ya ibada na furaha. Baada yake zilikuja Noeli na kaskazi, na mabaharia wa majahazi wakaanza kutazama mawingu.

Wapinzani hawakuwa wengi. Vilabu vya wenyeji katika mitaa ya Ng'ambo vilikuja kushamiri baadaye, katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Kabla ya hapo timu ya chuo ilicheza na Waingereza waliokaa mjini, wakiwamo watumishi wa Kampuni ya Simu ya Eastern Telegraph, ambayo ilifikisha waya wake wa chini ya bahari Unguja mwaka 1879. Ilicheza pia na mabaharia wa manowari za Uingereza zilizotia nanga bandarini. Mechi za namna hiyo hazikuwa na kikombe wala msimamo wa ligi. Ziliamuliwa na kuwasili kwa meli. Manowari ikiingia, chuo kilipata wapinzani. Ikiondoka, wanafunzi walirudi kucheza wao kwa wao, bweni kwa bweni.

Tofauti kati ya pande mbili ilionekana hata kwa mtu aliyesimama mbali. Mabaharia walikuwa watu wazima, wenye miili mikubwa, wamelishwa nyama, wanavaa viatu. Vijana wa chuo walikuwa wepesi, na walifahamiana. Walicheza pamoja kila jioni kwa miaka mitatu, minne au mitano, ilhali wale wa meli walikusanyika siku walipopata ruhusa ya kushuka pwani. Yeyote aliyecheza mpira anajua kwamba wachezaji kumi na mmoja waliozoeana huweza kuwashinda kumi na mmoja walio na nguvu zaidi.

Uzito wa mechi zile

Ili kupima uzito wa mechi hizo, ni lazima kukumbuka sheria za nchi katika miaka ile. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko na kukataza kusafirisha watumwa baharini, lakini haukuwafanya watumwa kuwa huru. Unguja ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890 utumwa uliendelea kutambuliwa na mahakama, na hadhi hiyo ilifutwa mwaka 1897 tu. Bara, chini ya Wajerumani, hadhi ya utumwa haikufutwa kabisa. Sheria ya kuifuta ilitoka mwaka 1922 chini ya utawala wa Waingereza.

Basi katika mji ambao mtu aliweza bado kumilikiwa na mwenzake, vijana waliozaliwa utumwani au waliotolewa humo waliingia uwanjani na askari wa milki kubwa kuliko zote za wakati ule, wakasimama upande huu na wale upande ule, idadi sawa kwa idadi sawa, chini ya sheria moja na mwamuzi mmoja. Kwa muda wa mchezo hakuna aliyekuwa mtumwa wa mtu. Goli la mmoja lilihesabiwa sawasawa na goli la mwingine. Pengine hapakuwa na mahali pengine popote Unguja, nje ya meza ya Bwana, ambapo usawa huo ulionekana kwa macho.

Ukweli unadai isemwe pia kwamba usawa wa uwanjani haukuvuka mstari wa chokaa kwa urahisi. Mfano wake ni Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani na kwa muda Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, karibu na Newala, na mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Kazi yake Chitangali ilizaa matunda mengi: shule, wabatizwa, na vijana waliopelekwa Kiungani kufuata nyayo zake. Aliondoka huko mwaka 1897. Miaka iliyofuata haikuleta haraka wenzake wengi wa cheo hicho, na madaraka makubwa yalibaki mikononi mwa wageni. Mwafrika aliyekuja kuwa askofu wa Masasi, Hilary Chisonga, alimrithi Trevor Huddleston mwaka 1968. Tangu Majaliwa awekewe mikono ya upadre ilikuwa imepita miaka 78. Kanisa lililowafundisha vijana kucheza kwa usawa lilichukua muda mrefu kujifunza fundisho lake lenyewe, wala si Waanglikana peke yao walioonja kuchelewa huko.

Mpira unarudi Ruvuma

Mwanafunzi aliyemaliza Kiungani alirudishwa kusini kuwa mwalimu. Alipewa kijiji, kengele au kipande cha chuma cha kugonga, vitabu vichache vya Kiswahili, na watoto wa kuwakusanya. Alikuwa mwalimu, katekista, mwandishi wa barua za wazee na msuluhishi wa magomvi. Jioni alikuwa pia mwenye mpira. Alichagua mahali tambarare, akafyeka, akasimamisha miti miwili kila upande, na kuwafundisha watoto alichofundishwa Kiungani. Ngozi ilipochakaa, watoto walitengeneza mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, kama wanavyofanya watoto wa Mikindani na Msimbati hadi leo.

Kwa njia hiyo mchezo ulienea katika nchi za Ruvuma kwa miguu ya walimu Waafrika. Mmisionari wa Kizungu alikuwa mmoja na vijiji vilikuwa vingi. Asingeweza kufika kote hata kama angetaka. Aliyeonekana kila siku kijijini alikuwa mwalimu. Kiwanja chake kilikuwa mahali ambapo mtoto wa Kikristo na mtoto wa Kiislamu walikutana bila kuulizana dini, na ambapo mzazi aliyesita kumpeleka mwanawe darasani alianza kwa kumruhusu akacheze. Shule nyingi za msituni ziliwavuta watoto kwa namna hiyo.

Kazi hiyo ilifanyika kati ya dola mbili. Tangu miaka ya 1880 na 1890 Masasi na Newala zilikuwa katika himaya ya Wajerumani, na Kiungani ilikuwa chini ya Waingereza. Kwenye mlango wa Ruvuma Wajerumani na Wareno waligombea pembe ya ardhi ya Kionga, ambayo Wajerumani waliichukua mwaka 1894 na Wareno wakairudisha mwaka 1916. Kijana wa Kiungani alivuka mipaka hiyo akitumia Kiswahili chake. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Masasi, na majengo ya misheni yakachomwa moto. Mwaka uliofuata yalianza kujengwa upya. Mwaka huo huo, 1906, Wabenediktini nao walianza misheni yao ya Ndanda, nao wakawa na shule na viwanja vyao.

Vita Vikuu vya kwanza vilikuja mwaka 1914. Wajerumani waliwafunga wamisionari wa Kiingereza, na walimu na mapadre Waafrika wa UMCA wakateswa kwa kushukiwa kuwa watu wa Waingereza. Mwaka 1917 mapigano makali yalipita Mahiwa, Masasi na Newala, na Novemba mwaka huo Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma. Vijana waliofundishwa kukimbia baada ya mpira walikimbizwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi.

Hapa historia ya majirani zetu inakutana na historia yetu. Waanglikana walipoondolewa wamisionari wao na Wajerumani, baadaye Walutheri nao waliondolewa wamisionari wao na Waingereza. Kwa miaka kadhaa, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, sharika zetu nyingi ziliongozwa na walimu na wazee Waafrika. Huko Dar es Salaam mwalimu Martin Ganisya, aliyepitia utumwa utotoni, alikuwa miongoni mwa waliolilinda kundi. Huko Masasi walikuwa walimu wa Kiungani. Watu hao hawakungoja kuambiwa kwamba wameiva. Waliachiwa mpira katikati ya uwanja, nao wakaucheza.

Urithi

Katikati ya miaka ya 1920 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Unguja kwenda Minaki, karibu na Kisarawe, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi yenye askofu wake, William Vincent Lucas. Huyu ndiye aliyejulikana kwa kuingiza jando katika maisha ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Wanafunzi wa Masasi sasa walisoma zaidi Chidya, na waliofaulu walikwenda Minaki. Majina ya chuo yalibadilika na mpira ulibaki.

Waliosoma Kiungani walitawanyika mbali na kusini. Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891 na kusoma huko, alianzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa serikali, mmoja wa vyama vya mwanzo vya Waafrika wa Tanganyika kilichovuka makabila. Uzoefu wa kukaa bweni moja na kuvaa rangi moja na watu wa makabila mengine ulikuwa umemtangulia. Dar es Salaam vijana wa mjini waliunda vilabu vyao, na katika miaka ya 1935 na 1936 vilizaliwa vile viwili ambavyo leo taifa zima linavijua kwa majina ya Yanga na Simba.

Kusini, mji wa Mtwara ulikua kwa haraka baada ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kushindwa. Bandari yenye kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1954, na wafanyakazi wa makabila mengi wakakutana hapo kama zamani wavulana walivyokutana Kiungani. Baada ya uhuru, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, serikali ilichukua shule nyingi za misheni, zikiwamo Chidya, Minaki na Ndanda, na viwanja vyake vikawa vya watoto wote wa nchi. Mwaka 2014 timu ya Ndanda ilipanda Ligi Kuu, na kwa misimu sita, hadi iliposhuka mwaka 2020, vilabu vikubwa vya Dar es Salaam vilisafiri hadi Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, kucheza na vijana wa kusini. Watu walijaa hadi kwenye miti. Jina la timu hiyo lilikuwa jina la mahali pa misheni.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho waliojua michezo vizuri, alichukua mfano wake katika mashindano ya mbio na taji lake. Mfano huo ulieleweka upesi Kiungani. Wavulana wale walijua tayari maana ya kukimbia kwa hofu, wakifukuzwa. Chuo kiliwapa nafasi ya kukimbia kwa furaha, wakiwa na wenzao upande wa kulia na wa kushoto. Waliporudi kwenye pwani iliyowauza wazazi wao, walirudi na kitabu mkono mmoja na mpira mkono wa pili, wakawapa watoto wa wale waliobaki.

Usharika unaoadhimisha miaka mia moja unayo haki ya kujivunia kanisa lake na kengele yake. Kiwanja kilicho nyuma ya kanisa, chenye vumbi na milingoti iliyopinda, nacho kina haki ya kutajwa. Vijana wanaocheza hapo baada ya mazoezi ya kwaya wanaendeleza kazi ambayo walimu wa Ruvuma waliianza kabla Mtwara haijawa mji, na inafaa wajue waliwapokea kutoka kwa nani.